Mkonge, Mihogo na Meno ya Zinj: Biolojia Nje ya Darasa

Basi la wanafunzi linalotoka Tanga mjini kwenda Amani hupita katikati ya mashamba ya mkonge kabla halijafika Muheza. Ndani ya basi ni nyimbo na vigelegele. Mwalimu wa biolojia amekaa kiti cha mbele, anahesabu upya fedha za kiingilio. Nje ya dirisha mkonge unapita safu baada ya safu, na hakuna anayeutazama, kwa kuwa barua waliyopelekewa wazazi imesema somo ni la Bustani ya Mimea ya Amani, na Amani bado ni mbali.

Somo limeshaanza kupotea. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilizungushwa kupitia Hamburg, na ilipotua Tanga ni miche 62 tu iliyokuwa hai. Ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Sasa, mkonge haufanyi kama mahindi. Unakaa miaka mingi ukitoa majani, kisha mara moja tu maishani mwake unachomoza mlingoti mrefu, na juu ya mlingoti huo vinaota vijimche kwa mamia, halafu mmea wenyewe unakufa. Vijimche hivyo havina baba. Kila kimoja kimerithi kwa mama yake kila kitu, bila kuchanganya na mwingine. Mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani yalitokana na kizazi hicho cha miche michache isiyojua harusi.

Mwanafunzi wa kidato cha nne hukaririshwa faida na hasara za uzazi usio wa kijinsia: faida tano, hasara tano, mtihani ukiisha zinayeyuka. Angeulizwa pale barabarani ugonjwa ukiua mkonge mmoja utaiacha mingapi, angejibu mwenyewe, na jibu lingebaki. Kisha angeulizwa swali gumu zaidi: kama mimea yote inafanana, mzalishaji wa mbegu anayetaka mkonge bora ataanzia wapi? Jibu la swali hilo liko juu mlimani, huko huko basi linakokwenda. Amani palikutwa pakiota jamii nyingine ya mkonge, ikapewa jina la mahali hapo, *Agave amaniensis*. Watafiti wa kituo cha Mlingano, wilayani Muheza, waliichavusha na jamii ya tatu, *Agave angustifolia*, kisha wakamrudisha chotara kwa mzazi wake wa Amani. Mkonge chotara namba 11648 ukazaliwa hivyo, nao unalimwa hadi leo Tanzania na hata China. Sehemu ya kile kilichopita dirishani huenda ilikuwa ni huo.

Nimeanza na mkonge kwa makusudi. Shule zetu zinapozungumzia kufundishia bustani na makumbusho, mazungumzo huishia kwenye usafiri, chakula na idadi ya wanafunzi. Mara chache nimesikia mwalimu mkuu akiuliza: mnakwenda kutazama kitu gani kimoja, na mnakitakia nini? Nadhani hilo ndilo linaloamua kama siku ile ni somo au ni matembezi.

Amani yenyewe ina historia ya kutosha kujaza muhula. Kituo kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, kikiwa taasisi ya biolojia na kilimo. Walileta mimea kutoka kila upande wa dunia wapate kujua ipi itaishi na ipi italeta fedha: mpira, mdalasini, kahawa, mkwinini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka na meli za Waingereza zikafunga bahari, majeshi ya Wajerumani yalitibiwa malaria kwa kwinini iliyotengenezwa hapo hapo kutokana na magome ya miti ya Amani. Leo eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, yenye zaidi ya hekta 8,000 za msitu wa Usambara Mashariki.

Lakini kinachonivutia kuliko kwinini ni mihogo. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa batobato ulikuwa ukiangamiza mihogo Afrika Mashariki. Unaletwa na virusi, unasambazwa na inzi weupe, majani yanajikunja na kupata mabaka, mizizi inadumaa. Watafiti wa Amani chini ya H. H. Storey walihangaika kutafuta muhogo usioshikwa. Walipokosa kinga ya kutosha ndani ya mihogo yenyewe, wakageukia jamaa yake, mti wa mpira wa Ceará, *Manihot glaziovii*. Mama wa Kitanga anaufahamu bila jina la Kilatini. Ndio anaochuma kisamvu cha mpira. Walichavusha muhogo kwa mpira, na watoto wa kwanza wakatoka na kinga ya kuridhisha ila mizizi yao haikuwa ya kuliwa. Ikabidi machotara warudishwe kwa muhogo, tena na tena, hadi kinga ibaki na unga urudi. Mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria, na mmoja wa mimea iliyotokana nazo, uliosajiliwa kwa namba 58308, ukawa chanzo cha kinga katika mihogo mingi iliyozalishwa Afrika Magharibi miaka ya 1970 na kuendelea.

Hapo kuna urithi, chotara, virusi, kimelea na msambazaji wake, uteuzi, na sababu ya kuhifadhi jamaa wa porini wa mazao. Katika muhtasari wa somo mambo hayo yametawanyika vidato viwili vitatu. Katika mmea mmoja yameshikana, na mwanafunzi anayeyaona yameshikana hahitaji kuambiwa kwamba bioanuwai ni muhimu. Neno hilo tumelitumia kwenye mabango hadi limechakaa.

Bustani ya Amani inafundisha pia kwa dhambi zake. Upo mti uitwao musizi nchini Uganda, *Maesopsis eminii* kitaalamu, wa asili ya misitu ya upande wa Ziwa Viktoria na Afrika ya Kati. Uliletwa Usambara kwa ajili ya mbao na kivuli. Unakua haraka, unapenda mwanga. Misitu ilipokatwa na kuachwa mianya, musizi ukaingia kwenye mianya hiyo, na hondohondo wakapenda matunda yake. Hondohondo hula tunda hapa, huruka juu ya bonde, hudondosha mbegu kule. Mti wa kupandwa ukawa mti vamizi ndani ya mojawapo ya misitu yenye viumbe wengi wasiopatikana pengine popote. Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kuwa spishi vamizi hutoka ng'ambo anapata la kufikiri: huyu mgeni katoka ng'ambo ya nchi hiyo hiyo, na aliyemsambaza ni ndege mwenyeji asiye na kosa. Je, tuukate wote? Hondohondo watakula nini? Nawahakikishia walimu kwamba mjadala huo hauhitaji kuchochewa.

Hali halisi ya ziara nyingi, hata hivyo, inajulikana. Gari linaondoka saa kumi alfajiri. Kundi la wanafunzi tisini linamfuata mwongozaji mmoja, walio nyuma hawasikii, walio mbele wanapiga picha. Makumbusho ni balaa zaidi, kwa sababu kuna vibao. Kibao ni adui wa jicho. Wanafunzi husimama mbele ya kabati la kioo na kunakili maandishi neno kwa neno, wakimaliza wanahamia kabati la pili, na mnyama aliyemo ndani hajatazamwa. Wiki inayofuata ripoti husahihishwa kwa usafi wa mwandiko. Siwalaumu wanafunzi. Wamefundishwa kwamba maarifa ni kitu kilichokwisha kuandikwa na mtu mwingine, na kazi yao ni kukihamisha.

Dawa yake si ghali. Mwalimu atangulie peke yake, achague vitu vitatu, na wanafunzi wafike na maswali bila kalamu kwa nusu saa ya mwanzo. Wachore kabla ya kusoma. Kuna jambo jingine ambalo hatulisemi sana: biolojia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, lakini mwongozaji wa Amani au wa Makumbusho ya Taifa huongea Kiswahili, na ghafla yule mwanafunzi aliyekaa kimya mwaka mzima ana maswali sita. Siku hiyo mwalimu hugundua kuwa alichodhani ni uzito wa akili kilikuwa uzito wa lugha.

Dar es Salaam ina bahati ambayo shule zake hazijaitumia ipasavyo. Bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani miaka ya 1890 na Makumbusho ya Taifa ni majirani, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Bustanini kuna saikadi, mimea ya ukoo wa kale sana ambao ulikuwepo kabla dunia haijaona ua hata moja. Mwanafunzi akishaishika saikadi kwa mkono na kuitafuta maua asiyapate, avuke aende kuonana na Zinj.

Zinj ni fuvu lililopatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959 na Mary Leakey, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Linahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa, na nakala zake zimetawanyika duniani kote. Wengi huambiwa kwamba huyu ni babu yetu, jambo ambalo si sahihi: wataalamu leo wanamweka kwenye tawi la pembeni lililokatika bila kuacha wazao. Lakini mwalimu asianze na nasaba. Aanze na meno. Mwambie kila mwanafunzi apitishe ulimi juu ya magego yake, kisha atazame magego ya Zinj, mapana kupita kiasi, na meno yake ya mbele yaliyo madogo kwa kulinganisha. Kisha atazame ukingo wa mfupa unaopita juu ya fuvu kama upanga. Ukingo huo ni wa nini? Misuli ya taya ilihitaji pa kushika. Mwenye misuli hiyo alikuwa akitafuna nini?

Watafiti wa mwanzo walijibu haraka: kokwa na vitu vigumu, wakampa jina la utani la mvunja kokwa. Jibu lilikaa vitabuni miaka hamsini. Kisha tafiti zilizotoka kati ya mwaka 2008 na 2011 zikapima kaboni iliyomo kwenye enameli ya meno ya spishi hiyo, kutoka Tanzania na Kenya, na zikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chake ilitokana na nyasi au mimea ya jamii ya ndago. Michubuko midogo juu ya meno nayo haikufanana na ya mtu wa kupasua kokwa. Fuvu lilikuwa lile lile, macho ndiyo yaliyobadilika.

Na hapa mwalimu wa kidato cha tano ana zawadi ambayo hakuiomba. Wanafunzi wake wanasoma njia tatu za usanisinuru, C3, C4 na CAM, na wanazichukia zote kwa usawa. Kaboni ya kwenye meno ya Zinj ilisomeka kwa sababu nyasi nyingi za savana hutumia njia ya C4, ambayo huacha alama ya isotopu tofauti na ile ya majani ya miti. Mahindi ni C4. Muhogo ni C3. Mkonge ni CAM: hufunga stomata mchana wa jua kali, huzifungua usiku na kuvuta hewa ya ukaa giza likiwa limeingia, ndiyo maana unastahimili pale ambapo mahindi yangeungua. Mada iliyokuwa michoro ya mishale ubaoni inageuka kuwa njia ya kujua marehemu wa miaka milioni 1.75 alikula nini.

Wa Mombasa wana darasa la namna yake huko Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa jiwe jeupe la matumbawe, bila udongo, na maji yake yana chumvi. Kati ya aina 26 za miti alizojaribu, tatu tu ndizo zilizohimili. Mvinje ndio uliobeba mzigo, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Tatizo likawa majani yake: yalidondoka yakajaa chini bila kuoza. Haller akaleta jongoo. Jongoo wakayala, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo, na juu ya udongo huo mimea mingine ikafuata, na nyuma ya mimea wakaja ndege. Leo panaitwa Haller Park, na wageni huenda kulisha twiga. Hakuna ubaya kulisha twiga. Ila mwanafunzi wa biolojia apige magoti kwanza, afukue takataka za majani ya mvinje kwa kijiti, amtafute jongoo.

Inabaki hoja ambayo kila mwalimu mkuu ataitoa, na ana haki. Nauli. Shule ya kata iliyoko Tunduru au Kakonko haiendi Amani, wala Dar es Salaam, wala Bamburi, na kuwachangisha wazazi ni jambo la kujieleza mbele ya kikao na mbele ya ofisi ya wilaya. Ningesikitika kama makala haya yangesomwa kuwa yanawasifia wenye mabasi. Mwanafunzi wa Lindi naye ana lake la kulalamikia: mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, iliyochimbwa mkoani kwake kati ya 1909 na 1913, imesimamishwa Berlin, mita 13 kwenda juu, na Berlin hakuna basi linalofika.

Basi shule ijitengenezee. Mchinjaji wa mbuzi yeyote atatoa kichwa kwa bei ya maelewano. Kikichemshwa, kikasuguliwa na kuanikwa, kinakuwa kielelezo cha miaka ishirini. Wanafunzi wengi wamechunga mbuzi tangu utotoni na hawajui kwamba taya la juu la mbuzi halina meno ya mbele hata moja, ni fizi ngumu tu ambayo majani hukandamizwa juu yake. Wakiona hivyo, kanuni ya meno inayowasumbua vitabuni inahesabika kwa vidole. Fuvu la paka aliyegongwa barabarani liwekwe pembeni yake, na kabati hilo limeshakuwa makumbusho.

Mpapai dume na mpapai jike ipo karibu kila kijiji cha pwani na bara. Dume huning'iniza maua kwenye vikonyo virefu, jike huyabana karibu na shina. Wapo wanaoukata kichwa mpapai dume wakitumaini utazaa. Darasa likate miwili, liache miwili, lisubiri, liandike kilichotokea. Hilo ni jaribio kamili na gharama yake ni panga.

Kuna kazi moja zaidi ambayo ningeiomba, na inatoka Amani pia, japo sasa iko Nairobi. Mkusanyiko wa mimea iliyokaushwa ulioanzia Amani mwaka 1902 ulihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na ndio msingi wa Hebariamu ya Afrika Mashariki iliyo chini ya Makumbusho ya Kenya, yenye karatasi zinazokaribia milioni moja. Si ukumbi wa maonyesho. Ni makabati, na watafiti walioinama. Kila karatasi ina mmea uliobanwa na kukaushwa, na kibandiko: umechumwa wapi, tarehe gani, mwinuko gani kutoka usawa wa bahari, na nani. Bila kibandiko hicho mmea ni jani kavu. Ukiwa nacho, mtu wa leo anaweza kujua kama mmea huo bado upo pale ulipochumwa miaka mia iliyopita, na kama siku hizi unachanua mapema au unachelewa. Hata jina si la milele. Ua maarufu la Usambara lililopelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire na kuitwa *Saintpaulia* mwaka 1893, lilihamishiwa jenasi ya *Streptocarpus* mwaka 2015 baada ya vinasaba vyake kuchunguzwa. Karatasi haikutupwa, ilibandikwa jina jipya.

Vifaa vya hebariamu ya shule ni magazeti ya zamani, mbao mbili na mawe ya kukandamizia. Hifadhini hakuchumwi kitu bila kibali, kwa hiyo waanze na magugu ya uwanjani, tena waanze na kishonanguo, kile kinachonasa kwenye soksi zao kila asubuhi wakikatiza majani kwenda mstarini. Kinatokana na bara la Amerika. Wakikandamize chenye mizizi, ua na mbegu, waandike mahali, tarehe na jina la mchumaji, na mstari wa mwisho wa kibandiko waachiwe wenyewe waujaze kwa dhana yao: kilifikaje hapa, na kilisafiri juu ya nani.